Kabla Koo Halijatulia

Merigeta Tibebu alifikishwa hospitalini kwetu saa tatu asubuhi, wiki ya saba ya Hudade, ule mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka, amebebwa na wanaume wanne wenye vilemba vyeupe. Walikuwa wametembea naye tangu alfajiri kwenye machela ya miti, wakipokezana mabega mteremko kwa mteremko. Tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Ukiligusa kwa kidole aliuma meno, lakini hakulia.

Kila mfungo mrefu tunawapata wagonjwa wa namna hiyo. Wanaume wa huku milimani wanashinda na njaa, jioni wanashiba maharage na shayiri, na utumbo mpana unajisokota wenyewe kama kamba. Ukiwahi kuusokotoa, mtu anarudi nyumbani kwake. Ukichelewa, unaoza humo humo ndani.

Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, naitwa Wubalem, na mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo. Daktari Getaneh, mpasuaji wetu, alijaribu kwanza kumpitishia mrija kwa chini ili hewa itoke, maana wengi hupona kwa hilo tu. Mrija ulirudi na damu nyeusi. Daktari aliutazama, akavua glavu.

"Tunamfungua," alisema. "Sasa hivi. Mwiteni Enatnesh."

Enatnesh ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu wa usingizi, na wiki ile alikuwa peke yake, mwenzake alikuwa amekwenda kuzika kwao. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mwembamba, mpole wa maneno. Alikuja mbio, akampima mzee presha, kisha akanivuta pembeni.

"Dada Wube, ile dawa ya haraka haipo."

"Hata kichupa kimoja?"

"Hata kimoja. Gari la bohari halijafika tangu wiki juzi."

Nilielewa mara moja. Mtu anayefunguliwa tumbo hulazwa usingizi, kisha hupewa dawa ya kulegeza misuli, ili mtaalamu amwingize mrija wa hewa kooni bila koo kupigana nao. Dawa hiyo hulegeza kila kitu, hata pumzi. Kuanzia hapo mgonjwa hapumui mwenyewe. Tulizoea kutumia dawa mbili. Ya kwanza hufanya kazi ndani ya dakika moja, na ndiyo ya watu wenye tumbo lililojaa, maana kila sekunde koo likiwa wazi ni nafasi ya matapishi kupanda na kuingia mapafuni. Ya pili ni ya polepole, dakika mbili, pengine tatu, na ikishaingia haitoki upesi. Kabatini ilibaki hiyo ya pili.

"Itabidi tungoje," nilisema.

"Itabidi tungoje," alirudia.

Nilijua anachowaza. Mwezi wa Tikimt, miezi mitano kabla ya hapo, tulimpasua mwanamke aitwaye Zeritu, kidole tumbo kimempasukia. Siku ile pia tulitumia dawa ya polepole. Daktari Getaneh alisimama na kisu mkononi akisema, ingiza, ingiza, unangoja nini, na Enatnesh aliingiza sekunde ya arobaini. Koo lilikuwa bado hai. Nyuzi za sauti zilijifunga, mama wa watu akakohoa mwili mzima, na mrija ukapita kwa nguvu. Zeritu alipona tumbo. Sauti haikurudi. Alikuwa muuza pilipili sokoni, wa kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Sasa anaonyesha bei kwa vidole. Hakuna aliyemlaumu Enatnesh, wala hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi aliniambia mwenyewe, siku moja tukinywa kahawa, na buli lilipoa mbele yetu.

Tulipokuwa tunamsukuma mgonjwa koridoni, yule mzee alimshika Enatnesh mkono wa koti.

"Wewe ndiye utakayenilaza?"

"Ndiyo, Yeneta," alijibu. Ndivyo tunavyowaita walimu wa kanisa, na huyu alikuwa merigeta, yaani mwalimu mkuu wa nyimbo, kwa miaka arobaini.

"Nimesikia utaniingiza mrija kooni."

"Ukiwa umelala. Hutahisi chochote."

"Sikuuliza kama nitahisi." Aliuma meno mpaka maumivu yalipopita. "Nina wanafunzi kumi na saba. Nyimbo wanazishika kwa sikio, kutoka kinywani mwangu. Nikirudi bila sauti niwafundishe nini, kulima?"

"Siwezi kukuahidi sauti, Yeneta. Chuma kikipita kooni, lolote laweza kutokea."

"Sasa unaweza kuahidi nini?"

Enatnesh alitembea hatua tatu nne kabla ya kujibu. "Kwamba sitafanya haraka."

Mzee alimtazama kutoka chini pale machelani. "Basi umewashinda wanafunzi wangu," alisema, akafumba macho.

Daktari Getaneh alikuwa nyuma yetu na alisikia yote. Tulipofika kwenye sinki alianza kusugua mikono bila kumtazama.

"Usimpe mtu muda asiokuwa nao, Enatnesh. Presha yake imeshuka chini ya tisini."

"Nimeiona, daktari."

"Alhamisi tulimpoteza yule mkulima tukingoja damu. Nilimfungua, utumbo mzima umekuwa mweusi. Mke wake alikuwa amekaa kwenye ngazi pale nje na chakula chake kwenye kikapu." Alifunga bomba kwa kiwiko. "Utumbo hausubiri mtu."

Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa mpasuaji mmoja katika wilaya nzima, na waliokufa mikononi mwake aliwakumbuka kwa majina.

Ndani tulimwinua mzee kichwa na mabega. Enatnesh alimpitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni, tukavuta karibu lita moja na nusu ya maji ya kijani yanayonuka. Bado tumbo lilikuwa juu. Aliweka bomba la kufyonza chini ya mto, likiwa linavuma tayari. Akamfunika barakoa ya oksijeni, akamwacha avute dakika nne kamili, huku Daktari Getaneh akihama mguu mmoja hadi mwingine. Mashine ya kupima oksijeni ililia mlio wa juu, wa kutulia. Tisini na tisa.

"Dada Wube," aliniambia, "simama hapa kulia. Kuna pete ya mfupa laini chini ya kongomeo. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Nikimpa dawa, ikandamize mpaka ufunge njia ya chakula. Usiachie mpaka nikuambie mimi. Mimi, si mtu mwingine."

Aliyasema hayo kwa sauti, ili yasikike chumba kizima.

Mzee alikuwa ananong'ona kitu chini ya barakoa. Nadhani ni zaburi. Dawa ya usingizi iliingia, midomo ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikakandamiza. Enatnesh akasukuma dawa ya kulegeza, kichupa kizima, dozi kubwa ili iwahi. Nilijua maana yake. Kwa dozi ile, kama mrija usingeingia, mzee asingeweza kupumua mwenyewe kwa saa nzima na zaidi.

Akainua macho kwenye saa iliyo juu ya mlango. Nami nikaitazama. Mkono mwekundu wa sekunde ulikuwa kwenye tatu.

Sekunde ishirini. Chini ya vidole vyangu koo lilimeza mara moja.

Sekunde arobaini. Taya lililegea, kidevu kikaangukia kiganja cha Enatnesh.

"Ameshalegea," alisema Daktari Getaneh.

"Taya tu, daktari."

"Taya likilegea, amelegea."

"Taya hutangulia. Chini bado."

Sekunde hamsini na tano. Kifua kiliacha kupanda. Chumba kikabaki na mvumo wa bomba la kufyonza na ule mlio.

"Dakika imekwisha, Enatnesh."

Macho ya Enatnesh yalitoka kwenye saa yakaenda kwenye namba, yakarudi kwenye saa. Tisini na saba. Tumbo lile kubwa lilikuwa limeyasukuma mapafu juu, hayana akiba. Tisini na nne. Mlio ulianza kushuka, ngazi moja, ngazi nyingine, na kila aliyefanya kazi chumba kile anaujua mlio huo hata akiwa amefumba macho.

"Presha themanini," alisema muuguzi aliyekuwa kwenye kipimo.

"Ingiza," alisema daktari.

Enatnesh alibana mfuko wa hewa kwa vidole viwili, kidogo mno, kama mtu anayepuliza makaa asije akaamsha majivu. Akabana tena.

"Unampuliza tumboni! Unataka atapike?"

"Dada Wube amefunga. Nampa kidogo tu."

Tisini na moja. Sekunde themanini na tano. Aliweka barakoa pembeni, akachukua kile chuma chenye taa, akafungua kinywa, akauinua ulimi. Nilifikiri yamekwisha. Nilimwona akichungulia, nikaona uso wake ukibadilika.

"Zinacheza," alisema.

"Nini?"

"Nyuzi. Zinafunga na kufungua."

"Zinatosha. Pitisha."

Mrija ulikuwa mkononi mwake wa kulia, ncha yake ikiwa imeshafika kwenye meno ya mzee. Nilimwona anauelekeza. Nilimwona anasita. Kisha akautoa, akakitoa na kile chuma, akarudisha barakoa usoni pa mgonjwa.

Sijawahi kumsikia Daktari Getaneh akitukana, wala siku hiyo hakutukana. Alizunguka meza akaja kichwani, mikono yake safi ikiwa juu.

"Nipe mimi."

"Hapana, daktari."

"Themanini na nane, Enatnesh. Nipe hicho chuma."

"Nikimpa pumzi mbili atapanda. Nahitaji nusu dakika."

"Hana nusu dakika." Akanigeukia. "Sista Wubalem, toa mkono uje unifungulie glavu nyingine. Nitaingiza mwenyewe."

Miaka ishirini na miwili nilikuwa nikifanya anachosema mpasuaji kabla hajamaliza kusema. Mkono wangu ulikuwa umeanza kufa ganzi, na hapo hapo nikahisi kitu kikipanda chini yake, uzito laini, kama maji yanapojaa kwenye mpira wa bustani. Maji ya tumboni yalikuwa yanataka kutoka. Nilimtazama Enatnesh. Alikuwa anautazama mfuko wake, anabana, anaachia, jasho linamtoka kwenye nyusi.

"Siwezi kutoa, daktari," nilisema. "Kuna kitu kinapanda."

Nikaegemea kwa uzito wote wa bega.

Daktari alisimama. Alikuwa karibu sana nami, nilisikia pumzi zake nyuma ya barakoa. Themanini na tisa. Tisini. Mlio ukapanda ngazi moja. Tisini na mbili. Saa ilionyesha dakika mbili na sekunde tano.

"Sasa," Enatnesh alijiambia mwenyewe.

Akainua ulimi kwa mara ya pili. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, pengine sekunde mbili.

"Zimetulia," alisema. "Ziko wazi. Zimetulia kabisa."

Mrija uliteremka bila kusukumwa. Hakuna kikohozi, hakuna bega lililotikisika. Akapuliza kile kiputo kinachofunga njia kuzunguka mrija, akabana mfuko, kifua kikapanda pande zote mbili. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akasikiliza tumbo.

"Achia, dada."

Nilipoachia, maji ya kijani yalijaa kinywani mwa mzee mpaka yakamwagika kwenye shingo na kwenye viatu vyangu. Enatnesh alifyonza na kufyonza. Hakuna hata tone lililokwenda chini, mrija ulikuwa umeshashika mlango.

Daktari Getaneh alikuwa ameshaenda kubadili glavu. "Kisu," alisema.

Utumbo ulikuwa wa zambarau, mahali pengine mweusi. Alikata kipande kirefu kama mkono wangu, na kwa kuwa hakuuamini uliobaki kuunganishwa siku hiyo, aliutoa mdomo wake nje ya tumbo ili choo kipite mfukoni kwa muda. Alifanya kazi saa mbili bila kusema zaidi ya majina ya vyombo. Alipomaliza kushona, mzee alikuwa bado amelegea kama nguo iliyolowa. Dozi ile kubwa ilikuwa inadai haki yake. Mashine yetu ya kupumulisha ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, kwa hiyo tulikaa kichwani pake tukibana mfuko kwa mikono, mimi na Enatnesh, kwa zamu, mpaka saa tisa mchana. Katikati ya zamu aliniambia, "Nilikaribia kuupitisha, dada. Ile mara ya kwanza. Mkono wangu ulikuwa umeshakubali."

"Nilikuona."

"Sijui kwa nini sikuupitisha."

Mzee alipoanza kushika kidole changu kwa nguvu na kuinua kichwa kutoka kwenye mto, Enatnesh alimtoa mrija. Tulimngoja aseme neno. Alifungua kinywa. Kilichotoka ni upepo mkavu, kama mtu anayesugua ubao.

Enatnesh alikusanya vyombo vyake akaondoka.

Siku ya pili sauti ilikuwa vile vile. Siku ya tatu pia. Enatnesh hakupita wodini. Akiwa na sababu ya kwenda huko, alinituma mimi. Chakula cha mchana aliniachia nusu, mchuzi wa shiro unakauka kwenye mkate wa injera, na akisikia mtu anakohoa koridoni alinyanyua kichwa. Nilimwambia mpira bado uko puani kwa mzee, unapita hapo hapo kooni, mtu yeyote angekwaruza. Alisema, "Zeritu hakuwa na mpira puani siku ya tatu."

Nilifunika chakula chake, nikarudi wodini.

Daktari Getaneh nilimkuta kwenye sinki siku hiyo ya tatu.

"Sista Wubalem, nilikuambia utoe mkono."

"Uliniambia, daktari."

"Hukutoa."

"Sikutoa."

Alisugua kucha moja moja. "Mimi ningeingiza sekunde ya sitini," alisema. "Na yale maji yangekuwa mapafuni." Kisha akaingia ndani kazini. Mchana ule nilimsikia kwenye simu ya ofisi, akiwauliza watu wa bohari kama wanangoja aje kuchukua dawa kwa punda. Gari lilifika kesho yake alfajiri.

Siku ya nne asubuhi tumbo la mzee lilianza kufanya kazi, nikamtoa mpira puani. Nilimpa maji ya uvuguvugu, vijiko viwili. Mwanafunzi wake mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amekaa kando ya kitanda akimwimbia kwa chini wimbo wa Hosaena, sikukuu ya matawi, ili mwalimu asikose nyimbo zote za mfungo. Mzee alisikiliza macho yamefumbwa. Ghafla akakunja uso.

"Umeshuka mapema," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo, imechoka. Lakini ilikuwa sauti, ina mwili ndani yake.

"Yeneta?" alisema yule mwenye ndevu.

"Umeshuka mapema. Neno hilo linangoja. Rudia."

Nilikwenda mbio kumtafuta Enatnesh, na mbio si kazi ya mtu wa umri wangu. Nilimkuta anapanga vichupa vipya kabatini. Alikuja akasimama mlangoni mwa wodi, hakuingia. Yule mwanafunzi alikosea tena, na mzee, kwa hasira, akamwonyesha mwenyewe: sauti tatu nne tu, zikishuka polepole, kisha akashika mshono wake na kuguna. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori aliyevunjika paja, alisema, "Endelea basi, mzee, umetukatia katikati."

Enatnesh alijifuta macho kwa mkono wa koti. Kisha akaingia, akamsalimia, akamuuliza kama koo linauma.

"Koo ni zima," alisema mzee. "Ila tumbo langu mmelianika nje, na Hosaena ni Jumapili ijayo. Nitasimamaje madhabahuni na mfuko huu?"

"Hutasimama, Yeneta. Mwaka huu utaimbiwa."

"Na hawa?" Alimtazama mwanafunzi wake kwa huzuni.

Alikaa kwetu siku kumi na nane. Sikukuu ilimpita akiwa kitandani, na alituonyesha wazi kwamba hakutusamehe kwa hilo. Baada ya msimu wa mvua alirudi kuunganishwa utumbo, safari hiyo akitembea kwa miguu yake, akiwa amejaliwa kunenepa kidogo. Enatnesh alimlaza, mimi nilishika koo, Daktari Getaneh alingoja mikono juu bila kusema neno. Mzee aliamka salama na kurudi shuleni kwake. Mpaka leo anafundisha, na wanafunzi wake wamefika ishirini na wawili.